Picha ya timu ya Waparsi: nichukue ya 1886 au ya 1888?

Mkwe_Mtarajiwa: Wakuu, habari za jioni. Kuna muuzaji ana picha mbili za kriketi ya Waparsi wa Bombay (Wahindi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi; Bombay ndiyo Mumbai ya leo), kikosi kilichokwenda Uingereza 1886 na cha 1888. Hela inatosha moja. Ipi? Nataka jibu kabla ya Ijumaa.

Fito: Bei? Saizi? Halisi au kopi? Mbona uzi nusu nusu?

BabuKipanga: 1888, usijiulize mara mbili. Wale wa 1886 walicheza mechi 28, wakashinda moja, wakapigwa 19. Wa 1888 walishinda 8 kati ya 31, na mrushaji wao Pavri peke yake aliangusha wiketi 170, yaani aliwatoa wapigaji mara 170. Utundike wapigwaji ukutani?

MamaZuhura: Shikamoo Babu, lakini hapa sikuungi mkono. Hao wapigwaji ndio timu ya kwanza kutoka India kwenda kucheza Uingereza. Hao wako walikuta njia imeshafyekwa.

BabuKipanga: Marahaba. Njia ya kupigwa 19!

Fito: Mimi niliwahi kuuziwa picha "halisi ya karne ya 19". Jamaa aliniapia hadi kaburi la mama yake. Nafika nyumbani, naitoa kwenye fremu: mgongo mweupe pee, na kwa kioo cha kukuzia nyuso zote vinukta vinukta kama gazeti. Napiga simu, haipokelewi mpaka leo. Fremu nimeiwekea picha ya harusi ya dada. Mwambie aifungue mbele yako.

Kashata: Mnahangaika na Uingereza bure. Utamu ni 1890, palepale Bombay, walipoishinda timu ya Waingereza ya G. F. Vernon kwa wiketi nne, yaani wakiwa na wiketi nne mkononi. Ndipo zikaja mechi na Wazungu kuanzia 1892, Wahindu wakaingia 1907, Waislamu 1912.

BabuKipanga: Timu kwa dini. Siasa hiyo.

MamaZuhura: Siasa ilianzia kwenye nyasi, Babu. Farasi wa polo wa Wazungu waliuchimbuachimbua uwanja wa Esplanade pale Bombay kwa kwato, wenyeji wakichezea mashimo. Wazungu wenyewe kriketi yao wanacheza pembeni, kwenye nyasi zao nzuri, mwenyeji haruhusiwi. Malalamiko yaliandikwa mpaka serikalini.

Mkwe_Mtarajiwa: Samahani, nilikuwa kazini. Ni kopi zote mbili. Zawadi ya baba mkwe. Kriketi haijui, anapenda picha za kale tu.

Fito: Na hili hukulisema mwanzo!

Kashata: Muulize kama ana ya 1890.

MamaZuhura: Ukuta wa mzee una rangi gani?