Sinderela apande bajaji, au tumwachie gari lake la boga?

MamaNuru_Tanga
Wapenzi wa hadithi, hamjambo. Nina watoto 22 wa chekechea hapa Tanga, na mwezi wa kumi na mbili tunafunga shule kwa igizo. Wamechagua wenyewe: Sinderela. Nikaona basi tumlete kwetu. Tumemwita Sikudhani, anasonga ugali, anasugua sufuria kwa majivu, na boga linageuka bajaji. Tulipofika kwenye bajaji walicheka mpaka mmoja akapaliwa na uji.

Mambo yameharibika kwenye kiatu. Nilikiacha cha kioo kama kilivyo kitabuni, kinazungushwa mji mzima kumtafuta mwenye mguu wake. Kuna binti wa miaka sita, mama yake anauza viatu vya mitumba sokoni, akanikazia macho: "Mwalimu, mji mzima huo hakuna mwingine anayevaa namba ile?" Sikuwa na jibu. Mwenzake akaongeza kwamba kioo kitamkata.

Halafu mzazi mmoja akaja kulalamika kuwa yule bibi mwenye kifimbo anayegeuza boga ni mchawi tu, tunawafundisha watoto uchawi.

Swali langu: nikibadili jina, mavazi na usafiri, nimeisimulia upya kweli? Maana usiku nikisoma nilichoandika namwona Sinderela yuleyule wa Ufaransa, kajifunga kanga.

Mkorofi_wa_Pwani
Kwani Sungura amekufa? Abunuwasi je? Hadithi zetu zimejaa tele, mnahangaika kumpaka mtu masizi.

BintiHalima_Minneapolis
Mkorofi, salamu kwanza jamani.

Dada Mama Nuru, mimi wanangu niliwaonyesha filamu ya Sinderela ya mwaka 1997, aliyocheza mwimbaji Brandy. Sinderela mweusi, mama wa kambo mzungu, mwana wa mfalme Mfilipino, mama yake ni Whoopi Goldberg na baba yake mzungu. Hakuna anayejieleza hata kwa neno moja. Nilikaa nikisubiri maswali, nimejiandaa na hotuba. Mwanangu wa kiume akauliza moja tu: "Mbona wanaimba sana?"

Lakini swali lako mimi nalipima kwa Tiana wa filamu ya mwaka 2009. Binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney, na sehemu kubwa ya filamu ni chura wa kijani! Hilo bado linanikera. Ila wamemweka New Orleans, anahudumia wateja mezani, anadunduliza senti kwenye makopo ili afungue mgahawa wake. Hapo hadithi imebadilika kweli, kwa sababu msichana anataka kitu kingine kabisa, hamsubiri mwana wa mfalme. Sikudhani wako anataka nini?

MzeeKitabu_Unguja
Mwanangu Mama Nuru, pole na wazazi.

Huyo mzazi usimpe toleo la akina Grimm, wale ndugu wa Ujerumani, ukadhani utatua mzigo. La mwaka 1812 halina bibi mwenye kifimbo, ni kweli, lakini nguo zinashuka kutoka kwenye mti uliomea juu ya kaburi la mama. Atakwambia umehamia kwenye mizimu.

Tazama China. Huko msichana anaitwa Ye Xian, na kisa chake kiliandikwa na Duan Chengshi katika karne ya 9, yaani karne nane kabla ya Perrault wa Ufaransa kuchapa cha kwake mwaka 1697. Ye Xian alifuga samaki, mama wa kambo akamuua akamla, na mifupa ndiyo iliyompa msichana nguo na viatu vya dhahabu. Tanga mna samaki, hilo halihitaji kutafsiriwa.

Na wewe Mkorofi, hao "wetu" na "wao" wamechanganyikana zamani. Perrault ana kisa cha paka anayemtafutia bwana wake maskini utajiri na mke. Hapa kwetu mmisionari Mwingereza Edward Steere alisimuliwa kisa cha namna hiyohiyo, akakichapa London mwaka 1870, ila mnyama ni paa. Maskini anapekua jaani, anaokota thumuni, anamnunua paa. Paa anamwita bwana wake Sultani Darai, anamposea binti wa sultani, anaua nyoka wa vichwa saba, anampatia nyumba. Sawasawa na paka. Sasa sikia tofauti. Yule paka mwisho anakuwa bwana mkubwa, panya anawakimbiza kwa kujifurahisha tu. Paa wetu anaugua, na yule tajiri aliyetajirishwa naye anaamuru apikiwe uji wa mtama. Paa anakufa kwa uchungu. Tajiri anaamka asubuhi yuko jaani, anapekua.

Simjui msimulizi wa kwanza alikuwa nani. Lakini alifika mahali Mfaransa alipofungia hadithi, akauliza: je, mtumishi alilipwa nini? Huko ndiko kusimulia upya. Rangi ya ngozi huja yenyewe.

Kuhusu namba ya kiatu, soma Perrault vizuri. Sinderela baada ya kuvaa alitoa kiatu cha pili mfukoni. Huo ndio ushahidi.

Mkorofi_wa_Pwani
Shikamoo mzee. Hilo la paa sikulijua.

MamaNuru_Tanga
Mzee, nakuletea shikamoo ya darasa zima, na yangu juu yake.

Samaki ameingia. Yule mzazi aliyelalamika amesikia ni samaki aina ya changu, akasema "huyo sawa", sijui kwa nini mifupa yake si uchawi lakini sikumuuliza. Binti Halima, swali lako limenilaza macho. Nilimuuliza yule mtoto anayecheza Sikudhani anataka nini, akasema anataka mama wa kambo naye asugue sufuria. Tumeandika hivyo.

Kiatu cha kioo nimekitupa, sasa ni raba iliyoshonwa na fundi kwa uzi mwekundu. Nikamweleza yule binti wa mitumba habari ya kiatu cha pili. Akafikiri. "Basi wangeuliza tangu mwanzo nani ana cha pili, wasingehangaika kuvalishana."

Mwenye ujuzi wa kutengeneza mifupa ya samaki kwa maboksi, ya urefu wa mtoto, aniambie nitumie gundi gani. Ya unga wa ngano inaliwa na mende.