MREJESHO: Oliebollen zangu zimeiva mpaka ndani

Jamani habari zenu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini oliebollen zangu, zile donati za mviringo Waholanzi wanazokula tarehe 31 Desemba, zinakuwa kahawia nje haraka halafu katikati bado unga mbichi. Niko huku Rotterdam na nilitaka sana kuwapikia wakwe zangu mwenyewe.

Basi aliyesema mafuta yangu yamepata moto kupita kiasi alikuwa sahihi kabisa, nilinunua kipimajoto nikakuta nakaangia karibu nyuzi 200 za Selsiasi, nikashusha mpaka 180 na kuweka nne nne tu maana ukijaza sufuria mafuta yanapoa halafu zinanyonya mafuta. Unga gramu 500, hamira paketi moja, yai, chumvi, maziwa ya uvuguvugu kama mililita 450, unakuwa rojo zito kama la kalimati sio donge la maandazi, nikauacha uumuke saa nzima nimefunika na taulo. Zabibu kavu nililoweka kwanza nikazikausha vizuri. Kuchota nimetumia kijiko cha aiskrimu nakichovya kwenye mafuta kwanza, rojo linaachia lenyewe, dakika tatu kila upande.

Nikanyunyizia sukari ya unga zikiwa bado za moto, mama mkwe kala tatu akaomba za kubeba, nilifurahi mno. Asanteni sana wapendwa, kesho najaribu za tufaha.