Ulinganisho: kuhamishia kiwanda cha alizeti ukanda wa wakulima, tupange eneo la viwanda au tununue kiwanja?

Mizani3
Habari wakuu. Kampuni inakamua na kusafisha mafuta ya alizeti, ipo jiji la bandari, inahamia ukanda unaolima. Chaguo ni mbili: kupanga jengo ndani ya eneo la viwanda lenye huduma zote, au kununua kiwanja karibu na mashamba, chenye msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 5. Mahitaji ya umeme ni kW 400. Mngechagua lipi?

DadaShehena
Kuhama kwenyewe ni sahihi. Tani 100 za mbegu hutoa takribani tani 40 za mafuta, na mbegu ni nyepesi kwa ujazo wake, kilo 400 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo lori hujaa kabla halijafikia uzito wake. Piga hesabu ya nauli kwa safari, usiishie kwenye tani. Mwanauchumi Mjerumani Alfred Weber alieleza jambo hili tangu 1909: malighafi inayopoteza uzito kiwandani hukivuta kiwanda kwake.
Ila ulizeni wanunuzi wa mashudu, yaani makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua na kulishwa mifugo, wako wapi. Kama wafugaji wakubwa wapo pembezoni mwa jiji, sehemu kubwa ya nauli mliyookoa itarudi barabarani.

FundiFezi
Umeme ndio utakaoamua, mkuu. kW 400 kwa pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) ya 0.8 ni kVA 500 kamili, kVA ikiwa ni mzigo wote ambao transfoma inabeba, yaani transfoma ya 500 haina nafasi hata ya mota moja ya ziada. Fungeni kapasita, vifaa vya kupandisha pawa fakta, mpaka ifike 0.95 na mzigo unashuka hadi kVA 421. Mota kubwa zisiwashwe kwa umeme wote mara moja bila kifaa cha kuziwasha taratibu, kwa sababu wakati wa kuwaka hunyonya mara 5 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida, na kiwanja kilicho mwisho wa laini ndefu volti zitaanguka.
Kukatika kwa umeme kuna hasara ambayo bili haionyeshi. Mashine ya kukamua ikizimika ikiwa na mbegu ndani, mashudu hupoa na kuganda kwenye parafujo. Umeme ukirudi haizunguki. Mnafungua mashine na kukwangua. Dakika chache za giza zinaweza kula zamu nzima. Wekeni kifaa cha kurekodi volti pale kiwanjani, na wiki moja iwe ya msimu wa mavuno, viwanda vyote vikiwa vinafanya kazi.

Mhasibu_wa_Zamu
Msamaha huo usiwapofushe. Kodi ya mapato hutozwa kwenye faida, na kiwanda kilichohama kinaweza kukaa mwaka au miwili bila faida. Muulize anayeutoa: miaka 5 inaanza kuhesabiwa siku ya usajili au siku ya uzalishaji wa kwanza? Ikiwa ni usajili, ujenzi wenyewe utaitafuna. Msamaha wa ushuru wa mitambo unaoingizwa ungekuwa na manufaa zaidi, maana huo unaupata hata ukiwa kwenye hasara.

Mizani3
Asanteni sana. Na maji machafu? Usafishaji wetu unatoa maji yenye sabuni na mafuta.

FundiFezi
Hapo eneo la viwanda linashinda, lakini someni mkataba: baadhi ya mitambo ya pamoja ya kusafisha maji machafu hupokea maji yaliyokwisha kuchujwa mafuta tu, hivyo mtego wa mafuta mtajenga hata huko. Mkifikiria baadaye kutoa mafuta yaliyobaki kwenye mashudu kwa heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, inashika moto upesi na wenye jengo wengi hawatakubali. Kwa mpango huo, kiwanja chenu ndicho kinachofaa.

DadaShehena
Ningepanga kwanza. Hakikisheni kVA zenu zimeandikwa kwenye mkataba, wasiishie kusema "umeme upo". Misingi ya mashine imwagwe mapema, zege huchukua siku 28 kufikia nguvu iliyokusudiwa. Na mhame ghala la mbegu likiwa tupu, kabla ya mavuno mapya.

Mhasibu_wa_Zamu
Ongezeni kipengele cha nani anaondoa misingi hiyo mkihama tena.