Nani wa ndani, nani wa nje? Sheria za hisa dhidi ya sheria za kodi (Tanzania na Marekani)

Mzani_Posta:
Wakuu, naomba ulinganisho. Watu watatu wanataka kuwekeza pamoja kwa mafungu sawa:
A – raia wa Marekani, anaishi Masaki mwaka mzima.
B – Mtanzania mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani), anafanya kazi Houston, ana nyumba yake Kimara.
C – Mtanzania wa Sinza, hajawahi kuishi nje.
Wanataka hisa za DSE (soko la hisa la Dar es Salaam), hisa za Marekani na kiwanja Kigamboni. Njia zilizopo mezani ni kampuni ya BRELA (iliyosajiliwa Tanzania), LLC (kampuni yenye dhima ya ukomo) ya jimbo la Delaware, Marekani, au kila mtu anunue kwa jina lake. Ipi ina usumbufu mdogo?

Wakili_Kivukoni:
Kabla ya kuchagua njia, jua kwamba Marekani peke yake ina mizani miwili. Kanuni S ya SEC (mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani), ya mwaka 1990, inayosamehe usajili wa hisa zinazouzwa nje ya Marekani, inaangalia mtu anakoishi, pasipoti haiulizwi. Sheria ya kodi, kifungu cha 7701, inamhesabu raia popote alipo, pamoja na mkaazi.

Kwa hiyo A ni wa nje kwa SEC, lakini kwa IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) ni wa ndani hata azeeke Masaki. B ni wa ndani kote kuwili. C ni wa nje kote. Anayesema "Mmarekani ni Mmarekani tu" atakuharibia karatasi zote.

Angalizo: chini ya Kanuni S, mahali ofa inapompata mnunuzi pana uzito. A akipelekewa ofa ya hisa ambazo hazijasajiliwa SEC wakati yuko likizo Chicago, msamaha huo unaweza kukwama, ingawa anaishi Dar.

Hesabu_Kariakoo:
Naongeza upande wa TRA (mamlaka ya mapato Tanzania), maana watu wengi wanakariri siku 183 na kuishia hapo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kina milango minne kwa mtu binafsi, na siku 183 ni mmoja tu. Mwingine ni wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huu na miwili iliyotangulia. Mtu aliyekaa siku 110, kisha 130, kisha 130 ana jumla ya 370, wastani 123 na ushee. Ni mkaazi, ingawa hakuna mwaka aliofika 183. Wa tatu ni wa watumishi wa serikali waliopangiwa kazi nje. Huo hauwahusu hawa.

Mlango unaomnasa B ni wa makao ya kudumu. Mwenye makao ya kudumu Tanzania, akikanyaga nchini sehemu yoyote ya mwaka, ni mkaazi wa mwaka huo. Akija Krismasi wiki mbili na kulala Kimara, TRA inaweza kumdai kodi ya mapato yake ya dunia nzima, mshahara wa Houston ukiwemo. Nyumba ikiwa na mpangaji mwenye mkataba, hoja kwamba si makao yake inapata nguvu, hivyo mkataba huo autunze vizuri.

Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, kwa hiyo hakuna kifungu cha kuamua B ni wa nani. Kinachobaki ni kudai nafuu ya kodi aliyolipa kule, na ushahidi wa malipo ni lazima.

A ni mkaazi kwa siku zake. Akiwa hajazidisha miaka miwili ya ukaazi maishani mwake, anatozwa kwa mapato ya Tanzania tu. Baada ya hapo ni ya dunia nzima, na fomu 1040 (ritani ya mwaka) ya IRS iko palepale.

Dalali_wa_Hisa:
Kwa DSE msijisumbue. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa linakatwa kodi ya zuio 5%, kwa mkaazi na asiye mkaazi. Kikomo cha wageni kumiliki 60% kiliondolewa 2014. Someni waraka wa matarajio (prospectus) tu, maana baadhi ya ofa zina masharti yake: ya Vodacom mwaka 2017 ilianza kwa Watanzania pekee, ikafunguliwa kwa wengine baadaye.

Wakili_Kivukoni:
Delaware naiweka mwisho kabisa. LLC ya watu watatu, isipochagua vingine, kwa IRS ni ubia wa ndani: inajaza fomu 1065 (ritani ya ubia), inatoa W-9 (cheti cha mlipakodi wa ndani), na yenyewe ndiyo inawajibika kuzuia 30% ya fungu la C kwenye gawio la hisa za Marekani. C akiimiliki peke yake, IRS inaipuuza na kumwona yeye, mgeni. Hapo inadaiwa fomu 5472 (taarifa ya miamala na mmiliki wa nje), na adhabu ya kutoipeleka ni dola 25,000. Kwa Kanuni S ni ya ndani wakati wote, kwa sababu imeundwa kwa sheria za Marekani.

Halafu maamuzi yakifanyika Sinza, TRA nayo inasema usimamizi na udhibiti uko Tanzania, hivyo kampuni ni mkaazi hapa. Karatasi moja, wenyeji wawili, wote wana njaa.

Hesabu_Kariakoo:
Kampuni ya BRELA nayo ina mtego wake kwa hisa. A na B kwa pamoja wana theluthi mbili, na kwa IRS wote ni wa ndani. Hiyo tayari ni kampuni ya nje inayodhibitiwa na Wamarekani: fomu 5471 (taarifa ya kampuni ya nje), adhabu ya kuanzia dola 10,000. Mkimpa C 51% mnaukwepa udhibiti, lakini kampuni inayoishi kwa gawio tupu inaangukia kanuni za kampuni za mapato tulivu, na fomu 8621 ya kuziripoti.

Mzani_Posta:
Na kiwanja je?

Wakili_Kivukoni:
Hapo kampuni ya BRELA inafaa. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, inaangalia uraia wa wenye hisa wengi. B na C ni Watanzania. Grini kadi haiondoi uraia. Ila siku B akiapa uraia wa Marekani, wa Tanzania unakoma, na kampuni inageuka kuwa ya wageni bila hata senti moja kuhama. Mkataba wa wanahisa uwe na kipengele: akibadili uraia, hisa zake C azinunue kwanza.

Hisa zenyewe, kila mtu kwa jina lake.

Dalali_wa_Hisa:
Basi A na B watoe W-9 kwa dalali wa Marekani, C atoe W-8BEN (cheti cha mlipakodi wa nje). Inayokwamisha watu wa Dar ni anwani ya makazi: S.L.P. haikubaliki. Andika namba ya nyumba, mtaa, kata na postikodi. TIN ya TRA inaingia mstari wa 6a. Sehemu ya mkataba wa kodi iachwe wazi, kwa kuwa mkataba haupo. W-8BEN ikisainiwa 2025, inaisha 31 Desemba 2028.

Mzani_Posta:
B akirudi nyumbani na kadi yake ikaisha muda?

Wakili_Kivukoni:
Kadi kuisha muda hakumtoi kwa IRS. Airudishe rasmi kwa fomu I-407. Akiwa ameishika katika miaka 8 kati ya 15 ya mwisho, fomu 8854 (tamko la kuondoka kwenye mfumo wa kodi wa Marekani) inafuata, na huenda kodi ya kuondoka ikamhusu.