Shela linateremka kifuani na zimebaki wiki tano: nirekebishe au nikodi jingine?

mtarajiwa_dom

Habari zenu wadau. Naomba ushauri, hasa kwa mafundi mnaoshughulika na mashela.

Nimenunua shela Kariakoo, la dukani, si la kushonesha. Ni satini nzito, halina mabega wala mikono, zipu iko mgongoni, pindo limezungushiwa lesi yenye ukingo wa maua, na mkia ni wa kama futi nne. Mimi ni kifua 36, kiuno 29, nyonga 41. Shela ni kifua 38, kiuno 30 na nusu, na nyonga linaachia vizuri. Viatu vina kisigino cha inchi 3.

Kwanza, nikitembea hatua kumi tu linashuka, inabidi nilivute juu kwa mikono miwili. Fundi wa jirani anasema atapitisha lastiki juu ya kifua na kubana pembeni, basi. Pili, mbele limezidi kama inchi 2 na sijui lesi itafanywaje. Tatu, hili ndilo linaloninyima usingizi: wiki iliyopita nililijaribu la kukodi lenye mikono ya lesi, na tangu siku hiyo hili langu naliona si lenyewe. Rangi yake ni ya maziwa, siyo nyeupe pe, na bwana harusi ameshanunua shati jeupe. Ndoa ni kanisani, hapa Dodoma. Nirekebishe au nikodi?

sindano_na_uzi

Hongera sana dada. Mwambie fundi asiguse lastiki kwanza.

Shela lisilo na mabega halishikwi na kifua, linashikwa na kiuno. Kifua ni laini na kinapanda na kushuka kila ukipumua. Ukikibana zaidi, nyama inajikunja juu ya ukingo na kwapani, na shela linazidi kushuka, maana uzito wa sketi, neti na mkia wote unavuta chini. Kiunoni kuna pa kukaa, kwa sababu chini yake nyonga zinapanuka. Wewe una tofauti ya inchi 12 kati ya kiuno na nyonga, kwa hiyo mwili wako unalisaidia shela la aina hii.

Fanya jaribio kabla hujalipa hata senti. Vaa shela na viatu, funga mkanda wa kitambaa kisichovutika juu yake kiunoni, ukaze kiasi cha kupumua vizuri, kisha tembea na upande ngazi. Likitulia, umeshajua kasoro iko wapi.

Dawa yake ni mkanda wa ndani. Tafuta utepe mnene wa inchi moja, ule wenye mistari mistari wanaotumia kwenye mikanda ya sketi, usiovutika kabisa. Urefu ni kiuno chako toa nusu inchi, kisha ongeza inchi 2 za kukunja ncha. Kwako hiyo ni 28 na nusu, ukate 30 na nusu. Ushonwe kwa mkono, ukamatishwe kwenye mishono ya bitana tu: kushoto, kulia, na ile miwili ya mbele. Sindano isitokeze kwenye satini, kwa sababu tundu la sindano kwenye satini halifi. Inchi 3 kila upande wa zipu ziachwe huru bila kushonwa, ncha ziwekwe kulabu mbili na vitanzi vyake. Siku yenyewe anayekuvisha anafunga kulabu kwanza, halafu anapandisha zipu. Mkanda ukishabeba uzito, zipu inapanda yenyewe bila kulazimishwa. Zipu nyingi zinazofumuka ukumbini ni zile zilizoachiwa kazi ya mkanda.

Mkanda ukishaingia ndipo upunguze, na hapa hesabu huwapiga chenga wengi. Kifuani unatoa inchi 2, kwa sababu ukingo wa juu wa shela kama hili hukaa sawasawa na mwili, hauachiwi nafasi. Mishono ya pembeni ni miwili na kila mmoja una kipande cha mbele na cha nyuma, jumla vipande vinne. Kila kipande kinapoteza NUSU inchi. Fundi akichomeka pini inchi nzima kila upande ameshaondoa inchi 4, na hapo zipu haifiki. Kiunoni toa robo inchi kila kipande, ubaki na 29 na nusu, kwa sababu mtu akikaa kiuno kinaongezeka. Mstari mpya ushuke taratibu na ufe inchi 4 chini ya kiuno.

Angalia pia uwazi wenyewe uko wapi. Ukiwa mbele, kati ya titi na kwapa, basi usibane pembeni. Bana kwenye ile mishono inayopita juu ya matiti. Ukibana pembeni vikombe vinavutwa kuelekea kwapani na titi linabaki nje ya mahali pake.

pindo_safi

Naunga mkono hoja ya mkanda, na naongeza la pindo kwa sababu mambo haya mawili yanaingiliana. Mkanda ukiwekwa, shela lote linapanda. Zile inchi 2 zako zinaweza kubaki moja na nusu. Kwa hiyo pindo LISIPIMWE kabla ya mkanda.

Siku moja kabla ya kupima, litundikwe mchana na usiku. Sehemu za sketi zilizokatwa mshazari hushuka kwa uzito wake, na zikishuka baada ya pindo kushonwa utaona mawimbi. Kisha vaa viatu vyenyewe, si vya kufanana navyo. Simama, tazama mbele, mikono ikiwa chini. Hili walimu wa cherehani hulisema kila siku na bado linasahaulika: bibi harusi akiinama kutazama pindo, mbele ya sketi inagusa sakafu, fundi anaona refu, anakata, na akisimama wima vidole vinaonekana. Apime mtu mwingine, rula ikiwa imesimama sakafuni, inchi moja kutoka chini mbele yote, na ipungue polepole kuelekea mkia.

Lesi yenye ukingo wa maua haikatwi chini. Maua yakikatwa hakuna pindo litakaloficha. Inafumuliwa kuanzia mshono wa pembeni mmoja hadi wa pili kwa kupita mbele, inapandishwa kiasi kilichopimwa, inachomekwa pini, na inashonwa tena kwa mkono kwa hatua ndogo zinazopita kwenye nyuzi nene za ua, siyo kwenye neti yake. Ndipo satini ya chini ikatwe. Pale lesi iliyopanda inapokutana na isiyoguswa, kata ua kulizunguka, lipande juu ya jingine. Maua mawili yakipandana hakuna atakayegundua. Bitana iwe fupi kuliko satini kwa nusu inchi, na neti za ndani zikatwe kwa mkasi mkali bila kukunjwa, hazifumuki.

Pasi iwe ya moto mdogo, upande wa ndani, na kitambaa cha pamba katikati. Tone moja la maji kutoka kwenye pasi likikauka juu ya satini linaacha duara.

Mkia wa futi nne ukumbini lazima upandishwe, la sivyo utakanyagwa mkianza tu kufungua muziki. Vifungo vitatu vinatosha: kimoja katikati ya mgongo na viwili pembeni, vishonwe juu ya mshono wa kiuno na kuwe na kipande cha kitambaa kigumu kwa ndani. Kikishonwa juu ya satini peke yake kinaipasua. Matroni ajifunze kuvifunga siku ya kujaribu.

mtarajiwa_dom

Asanteni sana. Nimefanya lile jaribio la mkanda, nimepanda ngazi mara tatu, halijashuka hata kidogo! Ila nimeona mshono wa kiuno wa shela unakaa nusu inchi chini ya kiuno changu halisi. Mkanda ufuate mshono au mwili? Na lile suala la kukodi bado linanisumbua.

sindano_na_uzi

Ufuate mwili. Pinda kidogo upande mmoja kama unaokota kitu. Pale panapokunjika ndipo kiuno. Weka alama ndani kwa chaki, mkanda upite hapo hata kama mshono wa shela uko chini yake. Nusu inchi haina shida. Ingekuwa zaidi ya inchi moja ningekwambia lirudishe, kwa sababu ukikaa sketi ingesukuma kifua juu na kutengeneza makunyanzi ya mlalo tumboni, na hayo hayaondoki bila kufumua kiuno chote.

veli_na_mashela

Mdogo wangu, ngoja nikujibu hilo la kukodi, maana ndilo limebeba mengine yote.

Shela la kukodi ulilivaa likiwa limebanwa vibanio mgongoni. Maduka mengi hufanya hivyo ili mteja aone umbo. La kwako umeliona likiwa linateleza na limezidi mbele. Hiyo siyo kulinganisha mashela, ni kulinganisha lililokaa na lisilokaa. Usiamue chochote mpaka mkanda uingie. Hiyo ni kazi ya siku moja na haiharibu kitu.

Likishakaa, vaa na viatu na nguo za ndani za siku ile, upigwe picha mchana karibu na dirisha, bila flashi: mbele, ubavu, umekaa, mikono juu, na umepiga MAGOTI. Kanisani utapiga magoti, na shela lililobana mapajani huonekana hapo. Wewe nyonga inaachia, sitegemei shida.

Mikono ya lesi inaweza kuongezwa. Tena uliza parokiani au usharikani mapema, kwa sababu makanisa mengi huomba mabega yafunikwe wakati wa ibada. Chukua yadi moja na nusu ya lesi, uende dukani na shela lenyewe au kipande kilichokatwa ndani ya pindo. Rangi ya maziwa ina aina nyingi, macho hayaikumbuki. Mikono ishonwe juu ya neti ya rangi ya ngozi kama kijikoti kifupi, ishikane na ukingo wa ndani wa shela kwa kulabu sita hivi, ukumbini uivue. Kwapani fundi aweke kipande cha pembe nne cha inchi 3 kwa 3. Bila hicho, ukinyanyua mkono kulisha keki, mkono unavuta kifua chote juu na kazi ya mkanda inapotea.

Rangi: badilisheni shati, siyo shela. Shati jeupe pe likisimama pembeni ya satini ya maziwa, satini inaonekana imefifia. Na veli hivyo hivyo, iwe ya maziwa. Viweke vitatu dirishani saa nne asubuhi, kisha chini ya taa ya ukumbi kama mnaweza kuingia.

Ukiendelea kulitaka la kukodi, uliza haya kabla ya kutoa amana. Ni lenyewe nililolijaribu au la kufanana nalo? Wiki ile linatoka kwa nani mwingine, na linarudi siku gani? Wanaruhusu marekebisho gani? Mengi hayaruhusiwi mkasi, ni mshono wa mkono wa kufumuliwa tu, kwa hiyo urefu unatatuliwa kwa kisigino. Doa linalipiwaje, na mwisho wa kurudisha ni saa ngapi? Sherehe ikiisha usiku wa manane, kurudisha saa tatu asubuhi ni mzigo wa mtu, mjue ni nani.

Kwa ulivyoeleza, mimi ningelibakiza lako. Kila kasoro uliyoitaja inarekebishika.

sindano_na_uzi

Nakubaliana naye. Mpangilio wa wiki tano: wiki hii mkanda na kupunguza kifua. Wiki ya pili mikono. Wiki ya tatu pindo na vifungo vya mkia. Siku kumi kabla, vaa kila kitu saa nzima, ukae, ule, ucheze. Siku tano kabla ni pasi tu. Baada ya hapo fundi asiguse mshono wowote, hata kama umepungua mwili kidogo. Mkanda una kulabu, sogeza kulabu robo inchi.

Na gundi ya pande mbili ya kubandikia shela kwenye ngozi usiitegemee. Ukishapaka losheni na ukatoka jasho haishiki. Kwenye mkoba wa matroni weka sindano yenye uzi wa maziwa tayari, pini sita, kulabu mbili za ziada, na kitambaa cheupe kikavu cha kugandamizia doa. Doa kwenye satini ligandamizwe, lisisuguliwe.