Parícutin kwa farasi na miguu, kwenda na kurudi siku moja: anayeijua njia ya Angahuan anisaidie

Mtembezi_TX

Habari zenu wakuu. Mwezi wa pili tutakuwa Uruapan, Meksiko, na tumepanga siku moja ya kwenda volkano ya Parícutin. Nasikia watu hukodi farasi kijiji cha Angahuan, halafu kilele wanakimalizia kwa miguu. Longonot na Meru tumeshapanda, kwa hiyo kutembea hakututishi. Farasi ndiye mgeni kwetu, hatujawahi kukaa juu yake zaidi ya nusu saa. Mimi nina kilo 92, mke wangu 61. Tuanze saa ngapi, farasi wanaishia wapi, na ni kitu gani hasa huwaharibia watu safari hii?

Jiwe_la_Moto

Mkuu, saa ninazotaja ni za Kiswahili, msije mkachanganya na za kule.

Kutoka Uruapan pandeni basi la kuelekea Los Reyes, mshuke njia panda ya Angahuan. Ni kama saa nzima. Muwe juu ya tandiko saa 2 asubuhi, ikichelewa sana saa 3. Farasi hawakati moja kwa moja juu ya lava, maana ile lava ni mabonge makali yaliyorundikana ovyo na kwato haziwezi kukanyaga. Wanauzunguka uwanja wa lava kupitia mashamba ya parachichi na msitu wa misonobari, ndiyo maana kwenda na kurudi kunapita kilomita 20. Mpaka chini ya kilima ni kama saa tatu za mwendo wa kawaida. Hapo farasi wanafungwa mtini, nanyi mnaanza kupanda.

Kilele kiko mita 2,800 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Longonot yenye 2,776, kwa hiyo hewa haitawasumbua. Volkano ilipozimika mwaka 1952 ilikuwa imeinuka mita 424 juu ya lile shamba la mahindi la Dionisio Pulido ilikozaliwa tarehe 20 Februari 1943. Lakini lava na majivu vimefukia sehemu ya chini, hivyo mtakachopanda kwa miguu ni kama nusu ya hapo. Dakika 30 hadi 45 zinatosha. Zungukeni ukingo wa kasoko, yaani lile shimo la kileleni, msishuke ndani yake. Kuna nyufa ambazo bado zinatoa mvuke wa moto. Ardhi inayofuka usiikalie wala usiweke mkono.

Ondokeni pale chini saa 7 mchana, mpite kwenye kanisa la San Juan Parangaricutiro, na saa 11 muwe mmerudi Angahuan. Lile kanisa msiliruke hata kama mmechoka. Lava iliufukia mji wote, ikaacha mnara upande mmoja na madhabahu upande wa pili, na katikati ni mawe matupu mpaka uyaparamie kwa mikono. Glavu nyepesi zitawafaa sana hapo, lava mbichi inakata kama chupa. Wapurepecha, wenyeji wa asili wa eneo lile, bado wanaweka maua pale madhabahuni, kwa hiyo vueni kofia na msiguse kitu.

Malipo ni pesa taslimu, peso. Bei hupangwa kwa farasi mmoja, na farasi wa mwongozaji mnamlipia ninyi. Wengi hugombana jioni kwa sababu hawakuuliza hilo asubuhi. Kubalianeni pia kwamba safari ni ya volkano PAMOJA NA kanisa, la sivyo mtarudishwa njia ileile mliyojia. Na Michoacán, jimbo lenye Uruapan, ina magenge ya wahalifu, kwa hiyo ulizeni hali ya barabara mnapolala kabla ya kutoka, na msisafiri usiku.

Hatamu_Mkononi

Hayo ya njia yamekaa sawa. Mimi nataka kusema juu ya mzigo, maana kilo 92 si jambo la kupitia juujuu.

Kipimo kinachotumika sana ni kwamba farasi abebe si zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi wa vijijini kule ni wadogo. Chukua wa kilo 400: haki yake ni kilo 80. Wewe 92, tandiko 12 au 15, maji na begi, umeshapita 105. Atakubeba, hatakataa, lakini mgongo wake ndio utakaolipa. Ombeni farasi mkubwa kuliko wote waliopo au nyumbu mwenye nguvu, mzigo wako apewe mwingine, na kila penye mlima mkali shuka utembee. Kama wote ni wadogo, tembea mwanzo mpaka mwisho, mke wako apande. Farasi anakwenda hatua kwa hatua, hutaachwa.

Kabla ya kupanda mkague. Mwambie mwenyewe ainue tandiko na kitambaa cha chini: ukiona kidonda au manyoya yaliyonyonyoka mabegani au mgongoni, omba mwingine. Mtembeze hatua ishirini. Akitikisa kichwa juu chini kila anapokanyaga mguu mmoja, huyo anachechemea. Tazama na viatu vya chuma, kisiwepo kinachocheza.

Kisha vikuku vya miguu, vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko. Gusa tandiko kwa ncha za vidole, nyoosha kikuku kuelekea kwapani: kikifika kwapani, urefu unatosha. Watu huachiwa vikuku vifupi vya mteja wa jana, na baada ya saa moja magoti yanawaka moto. Ingiza sehemu pana ya mbele ya unyayo tu, kisigino kikae chini. Mguu ukizama mpaka kifundoni na ukaanguka, utaburutwa. Buti zenu za Meru zijaribuni kwanza. Soli nene yenye meno makubwa hunasa.

Mkanda wa tumboni ukazwe tena baada ya dakika 15. Farasi wengi hujaza pumzi wakati wa kufungwa, wakiitoa mkanda unalegea, na tandiko linapinduka na mtu wake. Kupanda mlima inama mbele kidogo na ushike manyoya ya shingo, usivute hatamu. Kushuka, kaa wima, uzito urudi nyuma. Hatamu usizungushe mkononi kamwe. Na mwongozaji akianza kuwakimbiza, mwambieni hamtaki mwendo wa matiti (mwendo wa haraka unaomrusharusha mpandaji) wala shoti (kukimbia kasi). Mgeni anayekwenda mwendo wa matiti dakika kumi anachubuka mapaja kwa siku nne.

Mtembezi_TX

Asante sana ndugu zangu. Nimeamua kutembea sehemu kubwa. Nguo na viatu je? Na ule mchanga wa kilima unafanana na vumbi la Longonot?

Changarawe

Haufanani. Longonot una njia iliyoshindiliwa. Hapa ni changarawe nyeusi iliyolala kwenye mteremko wa nyuzi 30 na kitu: unapanda hatua, unateleza nusu hatua. Piga hatua fupi, ingiza ncha ya kiatu, kanyaga alama za aliyetangulia. Upande wenye mwamba ndio wa kupandia. Upande wa majivu laini ni wa kushukia: visigino kwanza, magoti yamekunjwa, mnafika chini kwa dakika chache. Msifuatane kwenye mstari mmoja wima, jiwe la wa juu humpata wa chini.

Mkishuka farasini msianze kupanda papo hapo. Tembeeni dakika kumi, kwa sababu misuli ya ndani ya mapaja imekaza na miguu inatetemeka bila mtu kutarajia.

Nguo: suruali ndefu isiyo na mshono mnene ndani ya paja, na chini yake taiti. Jinzi peke yake inachuna ngozi. Buti zinazofunika kifundo, soksi ndefu, na kitambaa cha kuziba mdomo wa kiatu ili changarawe isiingie. Asubuhi ya Februari msituni ni baridi kweli, mchana jua kali na kule juu hakuna kivuli, kwa hiyo vaeni nguo za kuvua moja moja, na kofia yenye kamba. Maji lita 3 kila mtu. Begi dogo lililobana mgongoni, maana linalorukaruka humshtua farasi. Barakoa kwa vumbi la farasi wa mbele.

Februari ni kiangazi, mmechagua vizuri. Juni hadi Oktoba mvua na radi huja mchana, na juu ya kilima kile huna pa kujificha.

Hatamu_Mkononi

Nyongeza moja kwa dada: wakati wa kushuka farasini, atoe miguu YOTE miwili kwenye vikuku kwanza, alale kifudifudi juu ya tandiko, ndipo ateleze chini taratibu. Na pale mtini, kabla hamjaanza kupanda, mwombeni mwongozaji alegeze mikanda ya tumboni ili farasi wapumue. Mkirudi, ikazwe upya kabla mtu hajaweka mguu.