Nimewekwa benchi chuoni Marekani, chuo kingine kinanitaka: nihame au nimalizie hapa?

Pointi_wa_Upanga

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni kijana wa Dar, mpira wa kikapu nimejifunzia viwanja vya Don Bosco Upanga. Nilikuja Marekani kumalizia sekondari, sasa niko mwaka wa tatu katika chuo cha Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la michezo ya vyuo, kwa ufadhili kamili. Nacheza pointi gadi: mimi ndiye napandisha mpira, naita mchezo, napanga nani apate wapi.

Misimu miwili nilianza karibu kila mechi. Kisha kocha aliyenileta akaondoka. Huyu mpya amekuja na pointi gadi wake kutoka chuo alichokuwa akifundisha, na tangu Novemba naingia dakika nne au tano, mwenzangu akizidiwa na faulo. Sijagombana na mtu. Nilimfuata kocha nikamuuliza nirekebishe nini, akasema yule anaujua mfumo wake. Akaishia hapo.

Sasa kuna mtu wa kati ananiambia msimu ukiisha niingie kwenye potali, ile orodha ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ya wachezaji wanaotaka kuhama. Anasema kocha wa chuo fulani atanichukua, nitaanza, na pesa za matangazo zipo. Baada ya huu nimebakiza msimu mmoja tu. Baba anasema nitulie. Moyo wangu unataka kucheza. Usiku silali, wakuu. Naombeni ushauri.

Mzee wa Rimu

Marahaba kijana. Mimi nasema hama. Pointi gadi asiyecheza ni kama dereva asiyeshika usukani, macho yanazoea kutazama na mikono inasahau. Mwangalie T.J. McConnell. Alicheza miaka miwili chuo cha Duquesne, akahamia chuo cha Arizona, na wakati ule ukihama unakaa msimu mzima bila kucheza. Akakaa. 2015 hakuchaguliwa kwenye dirafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, na mwaka huohuo akaingia NBA na timu ya 76ers. 2025 alikuwa fainali ya NBA na timu ya Pacers. Ninyi mnahama na kucheza msimu unaofuata, bahati hiyo yeye hakuipata.

Na Markquis Nowell je? Kimo chake ni futi tano na inchi chache. Alitoka chuo cha Little Rock akaenda Kansas State, na Machi 2023 pale ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alitoa asisti 19, yaani pasi za kufungisha, dhidi ya Michigan State, rekodi ya mashindano ya NCAA. Angebaki alikokuwa, nani angemwona?

Binti Mwanza

Mzee wangu, umemtaja Nowell ukaishia Machi. Juni ya mwaka ule dirafti ilimpita. Usiku mmoja mkubwa haukutosha achaguliwe, na huyo ndiye aliyevunja rekodi.

Mdogo wangu, nina maswali matatu. Unasomea nini? Hicho chuo kingine kinafundisha hayo masomo? Na hiyo ahadi umeiona kwenye karatasi? Kwa kanuni, kocha haruhusiwi kuzungumza nawe, wala kutuma mtu, kabla jina lako halijaingia potalini. Kwa hiyo huyo mtu wa kati leo hana ahadi ya kukupa.

Kaka wa Lubumbashi

Ndugu yangu, mimi nazungumzia pesa. Una viza gani? Kama ni F-1, ile ya mwanafunzi, hizo pesa za matangazo zisikuchanganye kichwa. Mwanafunzi wa F-1 hana ruhusa ya kufanya kazi nje ya chuo bila idhini, na tangazo linahesabika kama kazi. Oscar Tshiebwe, mtoto wetu wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima 2022, na bado viza ilimbana. Kazi zake za matangazo alizifanya Bahamas, chuo chake cha Kentucky kilipokwenda kucheza huko Agosti ya mwaka ule. Kama yeye alisubiri kuvuka bahari, wewe jihadhari. Ukikosea, unapoteza viza, ufadhili na mpira siku moja.

Nilipita Potalini

Kaka, niliingia potalini miaka miwili iliyopita nikiwa na ahadi kama yako, ya mdomo. Siku niliyotia sahihi ya kuingia potalini, chuo changu kilipata haki ya kunikatia ufadhili muhula ukiisha, na kilikata. Yule kocha aliyeniahidi akampata gadi mrefu kuliko mimi. Wiki tatu simu haikulia. Nilimalizia Divisheni ya Pili, kwa nusu ufadhili, mama akauza kiwanja Kibaha kunijazia. Sikwambii usiende. Nakwambia jua kwamba mlango wa nyuma hufungwa siku hiyohiyo.

Pointi_wa_Upanga

Asanteni sana. Nakujibu dada yangu wa Mwanza: nasomea uhandisi wa umeme. Viza ni F-1. Jana usiku nimeingia tovuti ya kile chuo. Uhandisi hawana. Yule mtu anasema nitasoma "masomo ya jumla", haina shida.

Binti Mwanza

Ina shida, mdogo wangu. Ukiingia mwaka wa nne, NCAA inataka uwe umekamilisha sehemu kubwa ya digrii unayosoma kwenye chuo unachochezea. Krediti zako za saketi na hesabu, chuo kisicho na uhandisi kitazihesabu wapi? Unaweza kuhama ili ucheze, ukafika ukakalishwa kwa sababu ya masomo.

Tena mhandisi wa F-1 akihitimu anapata miezi 12 ya kufanya kazi hapa, na 24 ya nyongeza kwa sababu ya fani yake. Masomo ya jumla yatakupa ile 12 peke yake.

Mzee wa Rimu

Hilo la uhandisi sikulijua, kijana. Nafuta neno langu la "hama" kwa chuo hicho. Sifuti kwamba unastahili kucheza. Vipo vyuo vyenye uhandisi na kikapu, vitafute wewe mwenyewe, usitafutiwe. Na wakati unatafuta, kaa karibu na kocha msaidizi kwenye benchi. Fred VanVleet, aliyekuja kucheza NBA, msimu wake wa kwanza chuo cha Wichita State alikuwa nyuma ya Malcolm Armstead, timu ikafika Final Four, nusu fainali ya vyuo, 2013. Msimu uliofuata, timu ikiwa mikononi mwake, walishinda mechi 35 bila kupoteza kabla Kentucky haijawatoa.

Nilipita Potalini

VanVleet alikuwa na miaka mitatu mbele, mzee. Huyu ana mmoja.

Pointi_wa_Upanga

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Yule mtu wa kati nimemwandikia kwamba kwa chuo kile, hapana. Kesho saa tatu asubuhi nina miadi na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kisha kwa mshauri wa masomo, nijue krediti zangu zinakubalika vyuo gani vyenye uhandisi. Nikipata viwili au vitatu, nitavileta hapa tuvitazame pamoja kabla sijatia sahihi popote. Baba nimempigia. Kwanza alinyamaza, halafu akauliza kama nimekula.

Jumamosi tuna mechi nyumbani.